Rufaa ya Isnino na Mpwa wa Kujibandika

Mtu aliyenyimwa viza ana mwendo wake, na Hamze aliujua mwendo huo kama mchinjaji anavyomjua mbuzi mnono kwa kumtazama tu mgongo. Kila asubuhi aliketi kwenye kibanda cha chai karibu na Soko Mugdi, mjini Garissa, mguu juu ya mguu, akiikabili ofisi ya vifurushi ambako pasipoti za watu hurudi kutoka balozi za Nairobi. Aliyepewa viza hutoka mbio, simu sikioni, akimpigia hata adui yake. Aliyenyimwa hutoka polepole, husimama mlangoni, kisha huitikisa bahasha juu chini, huenda viza imekwama mle ndani na itadondoka.

Siku hiyo mama mmoja wa makamo, mwenye mtandio wa rangi ya kahawia na viatu vya vumbi la mbali, aliitikisa bahasha yake, akachungulia ndani, akaitikisa tena. Hamze akaweka kikombe chini, akafunga kifungo cha koti.

Hilo koti lielezwe kidogo. Kuvaa koti la suti katika joto la Garissa ni ushahidi wa mambo mawili: ama wewe ni wakili, ama unataka udhaniwe wakili. Hamze aliijua sheria kwa kuisikiliza mlangoni mwa mahakama, akiwabebea mawakili majalada. Kabla ya hapo alikuwa Dagahaley, kambini, akifundisha darasa la mahojiano kwa wakimbizi waliotaka kuhamia nchi ambayo hakuna ramani iliyowahi kuionyesha. Wanafunzi wake walifaulu wote, na alipoanza kuulizwa ndege inaondoka lini, aliondoka yeye.

"Asalaam aleikum, mama. Wamekunyima?"

"Waleikum salaam. Nani amekwambia?"

"Bahasha yenye viza haitikiswi."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kola, kisha akampa barua. "Basi nisomee. Yule wa dirishani amesoma neno 'pole', akaita mwingine."

Hamze akasoma. Mama huyo aliitwa Isnino, mfugaji wa Hulugho kule mpakani, na alikuwa ameomba viza ya muda mfupi kwenda nchi moja ya baridi kumtembelea binti yake Nasteho. Nasteho alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe huendesha lori kubwa, leo yuko nchi hii, kesho ile, na binti hubaki peke yake ghorofani, hana wa kumshika mkono wala wa kumpikia uji siku atakapojifungua.

"Wanasema hawajaridhika kwamba viza ikiisha utaondoka kwao," Hamze akasema.

"Nibaki kwao nifanye nini? Nasteho anasema huko hata jua hutoka kwa miadi."

"Wanasema hukuonyesha kitu cha kukurudisha nyumbani."

"Na ngamia wangu?"

"Hukuwaandika."

"Waliniuliza nyumba, benki na mwajiri. Ngamia hawakuulizwa." Akashusha sauti. "Huyu mtoto atazaa peke yake kama paka?"

Hapa haifai kupita haraka. Babu zake Isnino, ili kufika Nairobi, mji mkuu wa nchi waliyoambiwa ni yao, walihitaji kibali cha bwana mkubwa wa wilaya. Bwana mkubwa alipokataa hakutoa sababu, wala hakuandika chini kwamba mnyimwa anayo haki ya kwenda mbele. Chini aliandika jina lake, akapiga muhuri, akaenda kula. Wajukuu nao wakiomba kitambulisho huwekwa mbele ya kamati na kuulizwa babu alizaliwa wapi, kana kwamba walikuwepo wakimkata kitovu. Watu waliolelewa hivyo, wakipewa karatasi ya "hapana", huikunja na kuiweka pamoja na zile nyingine. Hawaisomi mpaka mwisho. Mwisho wanaujua.

Hamze aliisoma mpaka mwisho. Na pale chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, aliona aya: aliyenyimwa viza anaweza kukata rufaa katika mahakama ya nchi hiyo, kwa maandishi, kwa barua pepe, bila malipo yoyote.

Moyo wake ukaruka. Akasoma aya yote kwa sauti, isipokuwa maneno matatu ya mwisho.

"Korti?" Isnino akashangaa. "Mimi niwashtaki wazungu, kwa wazungu?"

"Na utashinda, mama, ukipata mtu anayejua mlango wa kuingilia."

"Mtu huyo ni wewe."

"Ni Mungu. Mimi nabeba faili tu."

Isnino akakunja mikono. "Na wewe ni wa nani?"

Huku kwetu swali hilo si udadisi. Ndiyo pasipoti ya kwanza, ya kabla ya serikali zote. Anayeulizwa hutaja baba, babu, baba wa babu, na kuendelea mpaka majina mawili yakutane mahali fulani, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Hamze hakuwa na jina la kukutana na yeyote wa Hulugho, lakini alikuwa na mbinu. Kila ukoo una mtu aliyekwenda mbali akapotea. Kinachotakiwa ni kumwachia mwenye ukoo amtaje mwenyewe.

"Mimi nimelelewa Wajir," alisema, akiyainamisha macho kwa huzuni ya kukodi. "Lakini babu yangu alitoka Hulugho akiwa kijana. Alipeleka mifugo kwenye visima vya Wajir, hakurudi tena."

Isnino akashika kifua. "Si Abdimalik? Ndugu wa baba yangu?"

"Abdimalik mwenyewe! Mimi ni Hamze, mwana wa Bishar, mwana wa Abdimalik."

"Ya Allah! Abdimalik aliacha mbegu!" Akamshika mashavu kwa mikono miwili pale barabarani, wanywaji chai wakitazama. "Kwa hiyo mimi ni eedo yako!"

Eedo ni shangazi, dada wa baba, na desturi ni kwamba shangazi naye humwita mpwa wake kwa neno hilohilo. Wakaitana eedo, wakajibizana eedo, na Hamze akahisi mlango wa zizi ukifunguka.

"Sasa, eedo," alisema walipoketi kunywa chai, "korti ya nje ina gharama zake. Sitaki shilingi zako. Ngamia jike mmoja tu, mwenye maziwa, na kesi imesimama."

"Mmoja tu? Kwa damu ya Abdimalik mmoja ni aibu. Lakini ngamia hatoki zizini kwa mdomo wa mtu mmoja. Lazima Maalim ajue."

*

Maalim Yakub alikuwa kaka yake Isnino, mzee mwembamba aliyefundisha Korani kwa miaka mingi mpaka nusu ya Garissa ikawa imewahi kuchapwa naye. Alimpokea Hamze uani kwake, akamkalisha kwenye mkeka, akamsikiliza bila kupepesa. Hamze akapanda na kushuka: korti, majaji, vifungu, haki ya mama kumwona mwanawe. Alipomaliza, mzee akavuta ndevu zake za hina.

"Vizuri. Kesi itasikizwa lini?"

"Ni ya maandishi, adeer," Hamze akasema, akimwita ami. "Tunatuma, wanajibu."

"Hapana. Kesi isiyosikizwa ni umbea. Sisi watu wake tukae, hakimu akae, aseme tukisikia. Hapo ngamia anatoka."

"Lakini hakimu yuko ng'ambo."

"Nasteho naye yuko ng'ambo, na kila Ijumaa tunamwona kwenye simu akila."

Hamze akacheka, mzee hakucheka. Ikabidi Hamze atoke akampigie simu rafiki yake Abdijabar, muuza soksi wa Eastleigh, Nairobi, kijana ambaye hakuwahi kukataa kazi kwa kisingizio kwamba haiwezi.

"Buda, mi niwe jaji?" Abdijabar akauliza. "Jaji wa wapi?"

"Wa nchi ya baridi. Kamera utazima. Ongea Kiingereza cha puani, mimi nitatafsiri."

"Na wakiniuliza sheria?"

"Kohoa, halafu useme unasoma faili."

"Na mimi napata nini kwa hiyo ngamia?"

"Mguu."

"Wa mbele ama wa nyuma?"

"Ukishinda kesi, wa nyuma."

Siku ya kesi Hamze alikodi chumba nyuma ya duka la kompyuta. Alitegemea Isnino na Maalim. Ukaja ukoo mzima: wazee wenye bakora, akina mama wenye chupa za chai, mtu mmoja aliyeteguka mguu akabebwa. Mama wa watu ana kesi, nani abaki nyumbani? Kompyuta ikawekwa juu ya kiti, kiti juu ya meza, na wote wakainuliana shingo kukitazama kioo cheusi.

"Mbona haonekani?" akauliza mzee wa nyuma.

"Majaji wa kule hawaonekani," Hamze akajibu kwa heshima kuu. "Wakionekana wanaweza kuhongwa."

"Ahaa," wakasema wote, na ikasikika kama sifa kwa nchi ya baridi.

Kioo kikakohoa. Abdijabar akabwaga Kiingereza kilichopitia pua zote mbili, na Hamze akatafsiri kwamba mahakama imeketi.

Maalim akainuka. "Mwulize hakimu, yeye anao watoto?"

Hamze akatafsiri. Kioo kikasita. "Anasema wanne."

"Mke wake alipozaa wa kwanza, mama mkwe alikuja kumsaidia?"

"Anasema alikuja."

"Alitoka mji mwingine? Aliulizwa mlangoni kama atarudi kwake?"

Kioo kikakohoa, kikasoma faili. Faili lilipokuwa likisomwa, adhana ya adhuhuri ikatoka msikiti wa jirani. Ilipokwisha, watu wakiwa bado wanasubiri jibu, adhana nyingine ikasikika, hafifu, kutoka ndani ya kompyuta, na nyuma yake sauti ya mtu akinadi: soksi, soksi, za pamba, tatu kwa bei ya moja!

Jasho likamtoka Hamze chini ya koti. "Hata kule Waislamu wapo," akasema. "Na korti yao ni ya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kupita na biashara yake."

"Mashallah," akasema Maalim. "Na jua lao limefika utosini pamoja na letu. Nasteho alikuwa akitudanganya."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja tu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, na Hamze akadhani analia kwa uchungu wa kesi.

Abdijabar naye akaona heri aumalize mchezo. Akatoa hukumu kwa sauti ya kengele: rufaa imekubaliwa, mama Isnino apewe viza, akamwone mwanawe kabla hajajifungua. Vigelegele vikapasua bati.

"Bado," Maalim akasema, mkono juu. "Hukumu imetamkwa. Nani anaishika?"

Mtu wa ukoo mwingine angeuliza maana yake. Kule, hukumu haiachwi ikielea hewani. Lazima atokee mtu mmoja wa kuishika: neno likitimia, sifa ni zake, likivunjika, hasara ni yake. Hamze, aliyezoea sheria za makaratasi, alidhani ni adabu ya kufungia kikao, kama wimbo wa taifa. Akapiga kifua.

"Naishika mimi, mwana wenu, mwana wa Abdimalik!"

Mikono yote ikainuka, dua ikasomwa, na "amin" iliyofuata ilikuwa na raha kuliko "amin" za kawaida.

*

Kesho yake Hamze alifika uani kwa Maalim na kamba mpya ya kumfungia ngamia. Akamkuta mzee na Isnino wakinywa chai.

"Nimekuja kuchukua gharama za korti, adeer."

"Ngamia yuko Hulugho, ni wako," Maalim akasema. "Siku eedo yako atakapopanda ndege, utampata. Si umeishika hukumu?"

"Nimeishika, lakini ubalozi nao una mambo yake…"

"Asiposafiri, hasara ni yako. Hasara ya kesi ya mama ni ngamia. Si mmoja." Mzee akapuliza chai. "Huna ngamia, tunajua. Basi utafanya kazi mpaka wapatikane."

Hamze akaona heri aipindue meza mwenyewe. "Wazee wangu, tusemane ukweli. Mimi si wa ukoo wenu. Abdimalik simjui."

"Hata mimi simjui," akasema Isnino.

"Eti?"

"Katika ukoo wetu hakuna Abdimalik. Hatujawahi kumwita hivyo hata mbuzi. Ulisema una babu aliyepotea, nikamtafutia jina. Lilikuwa limeandikwa kwenye lori la maji lililokuwa likipita."

Hamze akaiweka kamba mpya chini, akaketi mkekani.

"Sasa nisikilize, eedo," Isnino akaendelea, kwa upole wa mtu anayemkamua mnyama mkorofi. "Mgeni akiniibia, naenda polisi. Polisi atataka mafuta ya gari, kisha atataka kitambulisho changu, mwisho nitalala ndani mimi. Lakini ndugu akiniibia hana pa kwenda. Wewe ulipokuwa mgeni nilikuogopa. Ulipojifanya ndugu nilimshukuru Mungu."

"Ule ukoo wote pale kortini… walijua?"

"Walikuja kuona mchezo. Yule aliyeteguka mguu alikataa katakata kuachwa."

Mchana huo Hamze alikwenda kukata tiketi ya Nairobi. Dada wa tiketi, Rahmo, akaangua tabasamu. "Wewe si Hamze wa Abdimalik? Maalim amenituma ujumbe, una kesi ya mama yetu, usisafiri. Kaa, nikuagizie soda." Hamze akapanda pikipiki aende mpaka daraja la Tana, avuke kwa miguu, mwendeshaji akamsifu kwa uwakili wake njia nzima, akamshusha mlangoni kwa Maalim, akakataa nauli, kwa sababu ndugu hatozwi. Kwenye nyumba ya wageni akakuta begi lake limeshahamishiwa kwa binamu ambaye hakuwahi kumwona. Binamu mwingine, bwana harusi, akaja kuazima koti la suti. Mtu anamnyimaje ndugu yake koti siku ya ndoa?

"Unaweza kukimbia," Maalim alimwambia jioni, akimpa sahani ya wali. "Miguu ni yako. Lakini tunao ndugu Dagahaley pia. Wanasema kuna mwalimu mmoja walimpenda sana, wangali wanamsubiri na tiketi zao za ndege."

Hamze akala wali wote. Kisha akaomba kompyuta.

*

Ile aya ya mwisho, tofauti na kila kitu alichowahi kukiuza, ilikuwa ya kweli. Ndilo jambo lililomkera zaidi. Korti ilikuwepo, mlango ulikuwepo, na ulikuwa wazi muda wote, na watu walikuwa wakiupita kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafungulia mlango wowote. Nani asome herufi za chini katika barua ya mtu anayemdharau?

Akaanza kuandika kwa hila, kwa mazoea. Maalim akasoma, akafuta. Akaandika kwa kubembeleza. Isnino akasomewa, akasema, "Mimi siombi sadaka." Mara ya tatu Hamze alikasirika, na hasira ikamfundisha kuandika:

*Mheshimiwa Hakimu, ubalozi wenu umeuliza nini kitamrudisha Isnino Dekow nyumbani. Mwenye benki mnamwamini kwa sababu ana akaunti, na akaunti haijawahi kulia ikimwita mtu. Isnino ana ngamia. Ngamia anamjua kwa sauti, hakubali kukamuliwa na mkono mgeni, na hana likizo ya mwaka. Watu wake wamekuwa wakirudi Hulugho tangu kabla mpaka haujachorwa katikati ya malisho yao. Waliochora mpaka ndio walioondoka bila kurudi. Mnaulizaje anayerudi kama atarudi?*

Maalim akaisoma mara mbili. Akamwongezea nyama kwenye wali.

Korti ya nchi ya baridi ikajibu, kwa adabu, kwamba kesi ni ya haraka kwa sababu ya mimba, lakini jambo moja limebaki bila jibu: ikiwa ngamia hawawezi kumkosa mama, watatunzwa na nani wakati hayupo? Mahakama ingependa kiapo cha mtu huyo, kikionyesha kwamba hatawaacha mpaka mwenyewe arudi.

Barua ikasomwa uani kwa Maalim. Macho yakahama kutoka barua, yakapita juu ya chupa ya chai, yakatua kwa Hamze.

"Mnao mchungaji," Hamze akasema haraka.

"Tulikuwa naye," Isnino akajibu. "Amekwenda Wajir kuendesha pikipiki. Vijana wote wamekwenda. Hata kama ningepewa viza siku ile, ningekwenda nikimwachia nani mifugo? Nilikuwa nimetoka kwenye lile dirisha nikijiuliza, mara ukaja mwenyewe, umevaa koti."

"Eedo, mimi ni mtu wa mjini! Ngamia nimewaona wakiwa kwenye sahani!"

"Atakuzoea. Ni mnyama mvumilivu."

Hamze akapelekwa mbele ya wakili halisi wa viapo, akaapa juu ya msahafu, na Maalim akasimama nyuma yake akihakikisha anatamka kila herufi kama mtoto wa duksi, chuo cha Korani. Rufaa ikakubaliwa. Ubalozi ukaamriwa ulitazame ombi upya, ukalitazama, na bahasha iliyorudi Garissa safari hii ilimfanya Isnino akimbie barabarani na viatu mkononi.

*

Na Hamze alilipwa kama walivyopatana. Alitaka ngamia jike mmoja, akapewa zizi zima, kulichunga. Ngamia wake walimwonyesha: mweupe, mwenye maziwa, mwenye desturi ya kumtemea mate kila akimkaribia. Alikuwa wake kabisa. Kumwuza alihitaji kumfikisha sokoni Garissa, kufika Garissa alihitaji kuliacha zizi, na kuliacha zizi kulikuwa kuvunja kiapo mbele ya Mungu, mbele ya ukoo, na mbele ya mahakama ya nchi ya baridi.

Akajifunza. Alijifunza kukamua akiwa amesimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti. Alijifunza kutambua nyayo. Abdijabar alipiga simu kuuliza mguu wake wa nyuma uko wapi, akaambiwa aje auchukue mwenyewe, unatembea. Jambo moja tu lilimpa nguvu: viza ya muda mfupi ina mwisho. Aliisubiri tarehe ile kama mfungwa. Hakuna ofisa wa uhamiaji duniani, katika nchi yoyote, aliyewahi kutamani mgeni arudi kwao kama Hamze alivyotamani Isnino arudi Hulugho.

Siku moja, akiwa juu ya kichuguu ambako mtandao hushika, simu ikalia.

"Eedo!" Ilikuwa sauti ya Isnino, na nyuma yake kichanga kikilia. "Unasikia? Ni wa kike. Ana mapafu ya mnadi."

"Mashallah, eedo! Mubarak! Basi unarudi wiki ijayo?"

"Ndilo nililokupigia. Nasteho alipasuliwa, kidonda hakijapona, na mumewe yuko barabarani. Tuliomba waniongezee muda mfupi. Wamekataa. Wanasema muda niliopewa unatosha."

Hamze akafumba macho. Upepo wa furaha ukampitia usoni. Hukumu imetoka, si yeye aliyeitoa, mikono yake ni safi. "Pole sana, eedo. Hao watu ni wagumu. Na safari hii, kwa kweli, tusiwasumbue."

"Barua ina ile aya ya chini. Nimeiona mwenyewe."

"Aya za chini nyingine ni za mapambo tu, eedo."

Simu ikapita mkono mwingine. Sauti ya Nasteho ilikuwa ndogo, ya mtu asiyelala. "Walaal Hamze, kaka yangu? Hooyo, mama yangu, ananiambia wewe ndiye uliyemleta. Nilitaka kukushukuru tu. Kama haiwezekani, haiwezekani. Kumwinua mtoto bado siwezi, lakini jirani amesema atachungulia akipata nafasi."

Hamze akatazama Hulugho yote, ambayo ni miiba mpaka macho yanapokoma. Angeweza kuandika vibaya. Kosa dogo, tarehe iliyopitwa, kifungu kisichokuwepo. Alikuwa bingwa wa vifungu visivyokuwepo. Isnino angerudi, na yeye angekuwa Nairobi kabla ya Ijumaa.

"Wamesema nini hasa?" akauliza. "Nisomee maneno yao."

Nasteho akasoma: mwombaji hajaonyesha sababu ya kutosha ya kuwepo kwake.

"Wamesema *kuwepo kwake*?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mama kwa mwanawe? Aonyeshe sababu?" Hamze alikuwa amesimama wima juu ya kichuguu, shingo imemvimba. "Chukua kalamu, Nasteho. Andika. Mheshimiwa Hakimu, ubalozi… hapana, hawa si ubalozi, ni idara. Idara yenu inauliza sababu ya mama kuwepo, kana kwamba mtoto alizaliwa na fomu…"

Akaendelea kutoa imla, mkono mmoja hewani, sauti ikienda mbali juu ya miiba. Ngamia mweupe aliinua kichwa, akamtazama kwa dharau, akageuka na kuanza safari ya polepole kuelekea mpakani. Wengine wakamfuata kwa mstari.

"… na tunaiarifu mahakama yako tukufu," Hamze akapaza, akiruka kutoka kichuguuni, pindo la kanzu mkononi, simu sikioni, mbio, "kwamba mifugo ya mwombaji iko salama, mikononi mwa mchungaji mwaminifu, mtulivu, mwenye uzoefu… waryaa! Rudi hapa, mwana haramu wewe! Rudi!… Hilo la mwisho usiandike, Nasteho."